Barafu ya Buluu

Juzi binti yangu alisimama mbele ya ile picha ya ukutani, akaikodolea macho, kisha akauliza: "Mama, theluji si nyeupe? Mbona ya kwako ya buluu?" Nikamjibu kwamba ilikuwa alfajiri, akaridhika, akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki Kilimanjaro.

Siku za kupanda nazipita: njia ya Machame, mvua ya msituni, ukuta wa Barranco, kisha kambi ya Barafu, tulikoamshwa usiku wa manane tukanywa chai na kuanza kupanda gizani. Betri nilizivaa mwilini, chini ya sweta, maana baridi ya kule huzimaliza nguvu upesi. Iliyomo kwenye kamera ikizimika unaitoa, unaipasha moto kwapani, na mara nyingi inaamka tena.

Tulifika Stella Point, mita 5,756, wakati anga nyuma ya Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, imeanza kuwa ya rangi ya machungwa lakini jua lenyewe bado. Usiku theluji ilikuwa imeanguka kidogo, imefunika mawe kwa tabaka jembamba linalolia chini ya viatu. Kutoka pale unafuata ukingo wa kreta kuelekea kilele cha Uhuru, na kushoto kwako ndiko iliko barafu ya upande wa kusini. Ilikuwa buluu yote. Si bahari, si samawati ya mchana. Buluu iliyokolea, na ndani yake mistari myembamba ya vumbi iliyolala mmoja juu ya mwingine. Jua lilikuwa halijaifikia, inamulikwa na anga tu, na mwanga wa anga ni wa buluu. Macho yetu huizoea rangi hiyo mara moja na kutuambia ni nyeupe. Kamera niliyoiweka kwenye mpangilio wa mwanga wa mchana haikuizoea. Niliiongezea mwangaza hatua moja na nusu, kwa sababu kamera ikiachiwa theluji iamue yenyewe, hudhani mwanga umezidi na kuigeuza majivu.

Nilivua glavu ya kulia. Nikabana pumzi ili mvuke usigande kwenye kioo cha kuchungulia, na hapo kichwa kikazunguka: kwa urefu ule kila pumzi inakupa takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Nikapiga. Ndiyo hiyo picha ya ukutani.

Nilikuwa narudisha kamera kifuani aliposema kiongozi wetu, mzee aliyeanza kazi ya mlima kama mpagazi tangu ujana wake: "Dada, piga na hapa."

Fimbo yake ilikuwa imeelekea chini, penye changarawe.

"Hapa, mzee? Hapa pana mawe tu."

"Ndiyo. Nilipoanza kupanda, hapa palikuwa barafu."

Hakuongeza neno. Alisogea hatua chache akasimama pale alipopataja, mikono juu ya fimbo, uso kwangu, akasubiri. Nikampiga picha: changarawe nusu ya chini, yeye katikati, barafu mbali nyuma yake. Wakati huohuo jua likatoka. Ukingo wa juu wa barafu ukawaka waridi, rangi ikashuka ukutani polepole, na buluu yote ikaondoka. Tukaendelea hadi Uhuru, mita 5,895, tukapiga picha kwenye kibao kama watu wote, tukashuka.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wasomi wa Ulaya wakambishia, ingawa Wachaga waliijua theluji ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, siku zote. Sasa hesabu inakwenda kinyume. Kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba iliyobaki huenda isifike mbali zaidi ya 2050. Binti yangu atakuwa mtu mzima tu mwaka huo, wala si mzee. Huenda wanawe nao wakabisha.

Ile ya changarawe sijaichapisha. Si nzuri, na mtu asiyeelezwa haoni kitu ndani yake. Lakini nadhani ndiyo niliyopaswa kuipandia, na sijui picha moja ya mawe inamsaidia nani. Itaanza kusema kitu ikipata mwenzake, iliyopigwa palepale miaka mingine. Kwa hiyo naandika hapa: kati ya Stella Point na Uhuru, barafu ikiwa kushoto, lenzi ya milimita 35, kimo cha kifua, dakika chache kabla ya jua. Anayepita na kamera asimame hapo, ageukie kusini, apige.