Shomoro wa Kulia, Shomoro wa Kushoto

Nilishuka basi kituo cha mwisho saa moja na robo asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Theluji ilibaki mabakamabaka kando ya njia na nusu ya bwawa ilikuwa barafu. Sikufuata ndege adimu. Nilifuata kupiga picha shomoro, kwezi na bata, hawahawa tunaowapita kila siku bila kugeuza shingo. Mwishoni mwa majira ya baridi miti haina majani ya kuwaficha, na siku zikianza kurefuka madume nao huanza kuimba.

Kwa bata sikukawia. Walijikusanya penye maji yasiyoganda, madume na vichwa vyao vya kijani. Kamera ikikutana na weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, theluji ikatoka ya kijivu. Niliongeza mwanga stopu moja, yaani mara mbili, nikapiga, nikaondoka.

Kwenye kichaka cha miiba ndipo nilipokaa saa mbili nzima. Humo mlikuwa na shomoro kama ishirini, wamejitutumua hadi shingo hazionekani. Manyoya yakisimama hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lao. Nilipiga goti kwenye tope baridi, lenzi ya milimita 400 ikilingana na macho yao, kasi ya shata (kifuniko kinachoingiza mwanga) 1/1000 ya sekunde. Ukiwapiga umesimama, unarudi nyumbani na migongo.

Madume wawili wakatua tawi moja. Wa kushoto alikuwa na kidoa cheusi tu chini ya mdomo. Wa kulia, weusi ulishuka kooni hadi kifuani. Nilipoikuza picha kwenye kioo cha kamera nikaona: ukingoni mwa ule weusi, ncha za manyoya zilikuwa za kijivu, nyembamba, zimelika. Shomoro dume hapukutishi manyoya apate vazi la kuchumbia. Weusi anao tangu alipoota manyoya mapya baada ya kiangazi, ila umefunikwa na ncha hizo. Zinasagika taratibu baridi nzima hadi weusi unatokeza. Mdomo wa yule wa kulia nao ulishaanza kuwa mweusi. Nilisahau kabisa kwamba sivihisi vidole.

Kwezi waliokuwa nyasini wana siri hiyohiyo: madoa yao meupe ni ncha za manyoya zinazolika, na wengine midomo ilishageuka manjano.

Saa nne betri ikazima kwa baridi. Ya akiba nilikuwa nimeitia mfuko wa ndani, karibu na mwili, nikaendelea hadi mawingu yalipofunika jua.

Nyumbani niliiacha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ikapata joto, isije ikatoa jasho kwenye lenzi. Kisha nikaitazama tena picha ya lile tawi. Jumamosi narudi kwenye kichaka kilekile kumtafuta wa kushoto.