Tulivyochangisha mguu bandia hapa Tabata, na kwa nini siogopi ada ya jukwaa inayotajwa waziwazi

Karibu kila mtu aliyenipa ushauri alinionya nisikaribie jukwaa lolote la kuchangisha mtandaoni linalokata ada, kwa hoja kwamba fedha ya mgonjwa hailiwi. Hoja hiyo inapendeza masikioni, na ndiyo iliyotugharimu kuliko ada yoyote niliyopata kulipa. Nilikuwa mweka hazina wa kamati iliyochangisha fedha za mguu bandia wa kijana wa jirani yetu hapa Tabata, dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori kwenye Barabara ya Mandela na kukatwa mguu chini ya goti. Kazi ilikamilika, kijana anatembea, na kila shilingi ina maelezo yake. Kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kuzungumzia makato, tena kwa uchungu.

Namna ya kuunda kamati sitaieleza, maana mkazi wa Dar es Salaam huijua tangu ujana wake kutokana na harusi na misiba. Tulihitaji milioni tatu na ushee, zikiwamo gharama za mguu wenyewe, mazoezi ya viungo, bajaji za kumpeleka kliniki, na akiba ya baadaye, kwa kuwa kigutu hupungua katika miezi ya mwanzo na ile sehemu ya kukiingizia hulazimika kutengenezwa upya. Wachangiaji tuliowatarajia walikuwa wa aina mbili: majirani, waumini wenzake na madereva wa kijiweni kwake, na upande wa pili ndugu waliopo nje, hasa shangazi yake anayeishi Reading, Uingereza, pamoja na binamu zake walioko Marekani.

Kwa hao wa nje, kila mshauri alikuwa na neno moja: tafuteni jukwaa la bure. Ni kweli kwamba majukwaa makubwa ya huko yameacha ada ya wazi. GoFundMe iliondoa ada yake ya asilimia 5 kwa michango ya watu binafsi nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 2017, na JustGiving ikafanya vivyo hivyo kwa mashirika ya hisani ya Uingereza mwaka 2019. Lakini washauri wangu walipoishia kusoma ndipo jambo lenyewe linapoanzia. Majukwaa ya namna hiyo sasa yanaishi kwa bakshishi, yaani mchangiaji anaombwa aongeze kiasi kwa ajili ya jukwaa lenyewe juu ya mchango wake, na gharama za kadi ya benki zinabaki palepale. Neno «bure» linamhusu mwenye kuchangisha, wala si mwenye kutoa.

Kamati ilipiga kura, ushauri ukashinda, na shangazi akafungua ukurasa kwa jina lake katika jukwaa moja la bure, kwa sababu halikuwa likipeleka fedha kwenye benki za Tanzania. Akajichangia mwenyewe kwanza, pauni hamsini, ili ukurasa usionekane mtupu. Jioni ya siku ile ile akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba hakunipa nafasi ya kumuuliza hali.

«Mwanangu, mimi nimetoa hamsini, benki inaniambia imetoka hamsini na saba na nusu. Hizi saba na nusu mmezila huko?»

«Hapana, shangazi. Hata hiyo hamsini bado haijatufikia.»

«Basi nani kazila?»

Nilimwomba anipigie picha kila hatua ya ukurasa ule, kuanzia mwanzo hadi kwenye kitufe cha mwisho, akafanya hivyo kwa uvumilivu mkubwa akiwa amekaa kwenye basi akitoka kazini. Nikaziangalia picha zile usiku, moja baada ya nyingine. Chini ya kisanduku cha kiasi cha mchango kulikuwa na mstari mwembamba wenye kitufe cha duara cha kusogeza, na kitufe hicho kilikuwa kimekwisha kuwekwa kwenye asilimia 15 kabla mchangiaji hajagusa chochote. Ukitaka kukifikisha sifuri, ulipaswa kugusa maandishi madogo ya kijivu yaliyokuwa chini yake, kisha kuandika kiasi chako mwenyewe. Shangazi, ambaye ana umri wa kuwa bibi na anasoma simu kwa miwani, alikuwa ametoa bakshishi ya pauni saba na nusu bila kujua kwamba ameombwa. Sijali jukwaa linaiitaje hiyo. Hiari inayoamuliwa na mwingine kabla hujafungua mdomo si hiari.

Baada ya hapo, kwenye zile hamsini zenyewe, gharama ya kadi ikakatwa. Fedha zikakaa siku kadhaa ndipo zikaingia kwenye akaunti ya shangazi. Akazituma Dar es Salaam kupitia kampuni ya kutuma fedha, iliyotoza ada yake na kutubadilishia pauni kwa kiwango cha chini kuliko kile cha sokoni. Zilipoingia kwenye simu yangu, zikasubiriwa na makato ya kutoa kwa wakala. Nilichora hesabu hiyo kwenye karatasi ya daftari na kuipeleka kwenye kikao, na wajumbe wakaona wenyewe kwamba mchango uliopita kwenye jukwaa la bure ulikuwa umemegwa sehemu nne, na kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumwambia shangazi mapema ni kiasi gani kingefika.

Hasara iliyoniuma zaidi haikuwa ya fedha. Kina mama wenzake wa Reading waliposikia habari ya pauni saba na nusu, walisita. Nawaelewa. Sisi sote tumepokea ule ujumbe wa «ile hela itume kwenye namba hii», na tangu tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, ikiwa na kiwango cha juu cha shilingi 10,000 kabla ya kupunguzwa, watu wa hapa husoma ujumbe wa makato neno kwa neno. Mchangiaji anayehisi kuchezewa kwa kiasi kidogo hujiuliza kuhusu kiasi chote.

Kwa hiyo niliomba kamati ifunge ukurasa ule na kuhamia kwenye jukwaa lililotangaza ada yake kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kama asilimia nne na kitu, gharama ya malipo ikiwa imo ndani yake, na fedha zikija moja kwa moja kwenye simu hapa nchini. Nililaumiwa. Mjumbe mmoja aliniuliza mbele ya watu kama ninapata chochote. Nikamjibu kwamba jukwaa hilo limetudai kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na barua ya hospitali kabla ya kuruhusu ukurasa wetu uonekane, kwamba kuna mtu aliyelipwa mshahara kuzikagua barua hizo, na kwamba mimi napendelea kumlipa mtu huyo kwa kiasi ninachokijua.

Kisha likaja wazo ambalo bado ninajivunia. Katika kundi letu la WhatsApp tulikuwa na ile orodha ambayo kila mtu huinakili na kuongeza jina lake chini, kiasi alichoahidi, na alama ya tiki akishatoa. Nikaweka mstari mpya juu kabisa ya orodha, kabla ya jina la mwenyekiti: «Makato ya jukwaa na ya kutolea», na mbele yake nafasi wazi. Nikawaeleza kwamba hapa kwetu mtu anayemtumia mama yake fedha kijijini huongeza na ya kutolea ili mama apate kiasi kamili, hivyo mchango wetu nao unahitaji mtu wa kubeba ya kutolea. Harusini kuna anayechukua keki na anayechukua ukumbi. Nilikuwa natafuta wa kuchukua makato.

Kundi lilikaa kimya mchana kutwa. Jioni, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwa kawaida hachangii hadi afuatwe dukani, akaandika: «Hayo makato yote niandikieni mimi. Hela ya mtu isipungue njiani.» Ndani ya saa chache orodha ilianza kukimbia. Watu waliokuwa wameahidi elfu kumi wakapandisha, wengine wakatoa papo hapo, kwa kuwa sasa kila mmoja alijua kwamba elfu kumi yake itasimama kama elfu kumi mbele ya daktari. Kila jioni nilibadilisha kiasi kwenye mstari ule wa juu, mzee akiona deni lake linavyokua, naye akinijibu kwa neno «sawa». Wa Reading walipopelekewa picha ya orodha, walirudi.

Nao niliwapa ushauri mwingine ambao sikuupata kwa mtu yeyote. Gharama za kadi huwa na asilimia pamoja na senti zisizobadilika kwa kila mchango, na senti hizo huwaumiza watoaji wadogo. Kwa mfano, GoFundMe kwa michango ya Marekani hukata asilimia 2.9 na senti 30 juu yake, kwa hiyo dola moja hupoteza karibu theluthi, wakati dola mia hupoteza dola tatu na senti ishirini. Nikamwomba shangazi awakusanye wenzake baada ya ibada, wampe taslimu, kisha achangie mara moja kwa kiasi kikubwa akitaja majina yao kwenye maelezo. Walifanya hivyo kwa furaha, na nadhani utaratibu huo unafaa hata pale ambapo jukwaa lenyewe halitozi chochote.

Hapa Dar es Salaam tulikwepa sehemu kubwa ya makato ya kutolea kwa kutotoa fedha kabisa. Hospitali ya umma hutoa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na nililipa kutoka kwenye simu moja kwa moja, kisha nikatuma picha ya stakabadhi kwenye kundi kabla sijaulizwa. Fedha taslimu zilitumika kwa bajaji tu.

Wanaosema majukwaa ya hisani yasitoze hata senti, nawaomba waitazame Virgin Money Giving ya Uingereza. Haikuendeshwa kwa faida, ada zake zilikuwa ndogo na za wazi, nayo ilifungwa Novemba 2021. Kukagua vitambulisho, kuzuia matapeli, kumrudishia fedha mtu aliyeibiwa kadi, yote hayo yana gharama, na gharama hiyo italipwa na mtu fulani hata kama mlangoni pameandikwa bure. Sikatai pia kwamba ada inaweza kuwa kubwa kupita kiasi. Jukwaa linalochukua sehemu ya kumi ya mchango wa mgonjwa lingepaswa kueleza kazi gani hasa imefanyika. Ila ada iliyotajwa naweza kuipinga, naweza kuilinganisha na ya jirani yake, na naweza kumtafutia mzee wa kuibeba. Bakshishi iliyofichwa kwenye kitufe cha kusogeza siwezi hata kuiandika kwenye orodha.

Tulipofunga hesabu, makato yalikuwa pungufu ya kiasi ambacho mzee alikuwa ametenga. Nilimpelekea chenji dukani kwake pamoja na daftari. Akalipitia daftari lote akiwa amesimama, akaikataa chenji, na kuniagiza niiweke kwenye akiba ya kutengeneza upya ile sehemu ya kigutu. Ilikuja kutumika kama daktari alivyotabiri, kabla mwaka haujaisha.

Sasa kamati nyingine, ya upande wa Segerea, imeniomba nakala ya orodha yetu kwa ajili ya mtoto anayehitaji upasuaji. Nimewapelekea ikiwa na mstari wa makato palepale juu, na nimewaambia wampate mtu wa mstari huo kabla hawajachagua mwenyekiti.