Finjani ya babu ndiyo iliyomnywesha mwanangu maziwa

Mwanangu wa pili alipofikisha miaka miwili na miezi minne, kinywaji alichokubali kutoka kwangu kilikuwa kimoja tu: juisi ya boksi yenye picha ya embe. Maji akiyaona anageuza shingo. Maziwa yakianza kunukia jikoni, kilio. Naandika haya kwa sababu ushauri mwingi niliopewa wakati ule ungemdhuru mtoto, na mpaka leo nawasikia kina mama wakipewa uleule.

Kilichonishtua ni kliniki. Uzito ulikuwa umesimama miezi mitatu mfululizo. Muuguzi akamfunua kope, akataka damu ipimwe. Ikatoka gramu 9.6 kwa desilita, na kwa mtoto wa umri ule chini ya 11 ni upungufu wa damu. Malaria hana. Akaandikiwa dawa ya maji ya madini ya chuma, kisha nikaulizwa anakunywa nini kutwa. Nikataja juisi, boksi tatu hata nne, na chai ya maziwa anayopewa na bibi yake asubuhi na jioni.

Yule muuguzi alinieleza bila kunigombeza, na namshukuru mpaka leo. Chai inauzuia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, hasa ikinywewa pamoja na mlo. Juisi inamjaza tumbo, ugali na maharage vinakosa pa kukaa. Maziwa ya ng'ombe nayo, mazuri kama yalivyo, yakizidi kama nusu lita kwa siku yanaweza kuleta upungufu uleule wa damu. Hilo la mwisho sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote, na mimi ni mama wa watoto wawili.

Narudi nyumbani Ngamiani, Tanga, na kadi mkononi, jirani ananiambia: "Shoga, mnunulie soda nyeusi, changanya na maziwa. Wiki moja tu damu imejaa." Anayasema kwa uhakika kabisa, na wenzake wawili wanaitikia. Soda ile ni sukari na rangi! Rangi ya kinywaji haigeuki damu mwilini. Nilikasirika kwa sababu nilibakiza kidogo tu niende dukani.

Nikajaribu ujanja wangu wa kwanza, na nilijitahidi kweli. Nilihifadhi boksi tupu la juisi, nikaliosha, nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kupimia dawa, nikaingiza maji ya ubuyu kidogo kidogo kupitia tundu la mrija. Kazi ya karibu nusu saa, mtoto amelala. Alipoamka nikampa. Akavuta mara moja, akanyamaza. Akalitikisa boksi karibu na sikio lake, akaniangalia, kisha akalikamua kwa mikono yote miwili. Ubuyu ukaruka mpaka kwenye pazia, na kanga yangu ina doa hadi leo. Baya zaidi, siku mbili zilizofuata hakugusa chochote nilichompa kwa mkono wangu, hata uji. Kwa hiyo nasema: usimdanganye mtoto kwa chombo anachokiamini. Ubuyu wenyewe haukuwa na kosa.

Njia ilikuja kutoka barazani. Babu yake hunywa kahawa kila jioni, na mtoto alikuwa hataki kikombe chochote cha plastiki, lakini finjani ya babu anaikimbilia. Babu anamwambia, "Hii chungu mjukuu wangu, hii ya wazee." Basi ndiyo ameitaka! Nikaona hapo hapo. Kesho yake nikaenda sokoni nikanunua finjani mbili na birika dogo, nadhani elfu kumi haikufika. Jioni nikatandika mkeka, nikazigonganisha finjani kama muuza kahawa anavyofanya akipita mtaani. Mtoto akaja mbio. Nikamimina maji ya kuchemsha yaliyopoa, kidogo, kutoka juu, yasikike yakianguka. Nikampa ya kwanza babu yake, akapiga funda na kusema "Ahsante." Mtoto akanyoosha mkono: "Na mimi!" Alikunywa finjani nne za maji. Mtoto aliyekuwa haonji maji! Niliingia ndani nikalia.

Siku ya nne birika likawa na mtindi, nimeupiga na ndizi mbivu na kuupunguza kwa maji ya kuchemsha upite mdomo wa birika. Mtindi hauna ile harufu ya maziwa ya moto, wala utandu, na nadhani utandu ndio uliokuwa unamkera. Akanywa. Finjani yangu nilishaipima kwa bomba lilelile la dawa, inaingia kama mililita 50, kwa hiyo hesabu ya maziwa naijua bila kubahatisha.

Ubuyu siku hizi anakunywa pamoja na maharage au mchicha, finjani moja, kwa kuwa vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mboga. Nauloweka, nauchuja vizuri mbegu zisibaki, natia tende moja iliyolowekwa badala ya sukari. Ubuyu mwekundu wa vipakiti ni peremende, usichanganye. Dafu nampa mara mojamoja tu.

Kwa mama mkwe sikutaka maneno. Nilimwonyesha kadi, nikamwambia, "Mama, kliniki wamekataza chai, naomba unisaidie kumnywesha uji wa ulezi." Tangu siku ile uji ni kazi yake, na hamruhusu mtu mwingine kuugusa.

Baada ya miezi mitatu ya dawa, chakula na vinywaji hivi, damu ikasoma 11.5 na uzito ukapanda. Kilichobaki ni chupa ya usiku. Alizoea kulala na juisi mdomoni, na meno mawili ya mbele yana madoa meupe ambayo daktari wa meno anayafuatilia. Chupa sijamnyang'anya, ila ndani sasa ni maji matupu. Usiku wa kwanza alilia hadi saa saba. Wa tatu alilalamika kidogo, akanywa, akalala.