Kioo cha ubavuni cha RAV4: kutu, gundi na baridi ya Mbeya

Mwishoni mwa Mei

Gari ni Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, ya milango mitano, ambayo nimekuwa nikiifufua kidogo kidogo nyumbani, Uyole, Mbeya. Kilichovunjika ni kioo cha nyuma kabisa upande wa kulia, kile kidogo kinachofuata baada ya mlango wa abiria. Hakishuki wala hakifunguki. Kimegandishwa kwa gundi moja kwa moja kwenye bati. Jirani alikuwa anafyeka nyasi kwa mashine, kokoto ikaruka, na kioo chote kikamwagikia ndani ya buti.

Kumwagika ndiyo tabia ya vioo vya pembeni. Kioo cha mbele kina matabaka mawili na utando wa plastiki katikati, kwa hiyo kikipigwa kinapata ufa na kubaki mahali pake. Vya pembeni hupashwa moto kiwandani kupita nyuzi joto 600, kisha hupulizwa hewa ya baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje inabanwa, ndani kunabaki mvutano, na ngozi hiyo ikitobolewa mahali pamoja tu, mvutano wote unafunguka na kioo kizima kinakuwa punje. Punje hizo hazikati vibaya kama vipande vya kioo cha dirisha la nyumba, na ndiyo sababu ya kukitengeneza hivyo. Lakini zinaingia kila mahali.

Nyuma ya plastiki ya ndani, chini ya hicho kioo, ndipo kilipo kifaa kinachokunja mkanda wa abiria. Punje zikikaa humo zitausaga mkanda kila unapovutwa, na mkanda uliosagika si wa kuutegemea siku ya ajali. Kwa hiyo sikuishia kufagia buti. Nilifungua plastiki yote ya upande ule, nikatoa tairi la spea, nikapitisha mashine ya kufyonza vumbi yenye mpira mwembamba mpaka kwenye matundu ya kutolea maji chini ya bodi. Mpwa wangu alikuwa anapiga bodi kwa kiganja kuanzia juu ya tairi kwenda nyuma, huku ametega sikio. "Mjomba, huku bado zinalia," akawa ananiambia, nami narudisha mpira. Njia hiyo ilitusaidia kuliko tochi, maana kuna sehemu za ndani ya bati ambazo jicho halifiki. Klipu za plastiki kwenye gari la umri huu zimekauka. Kadhaa zilivunjika, nikanunua nyingine madukani Mwanjelwa, hapa hapa mjini. Hazina tabu kupatikana.

Uwazi niliuziba kwa nailoni nene, ile wanayofunikia vitalu vya miche huku kwetu. Tahadhari ni moja: usibandike tepu ya plastiki juu ya rangi ya gari na kuiacha juani. Gundi yake inaiva, na siku ya kubandua inaondoka na rangi. Bandika kwanza tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, halafu hiyo nyingine ikae juu yake.

Juni, kutafuta kioo

Kioo cha RAV4 ya milango mitatu na cha milango mitano havifanani, hata kama magari ni ya mwaka mmoja. Muuzaji akikuuliza "RAV4 gani," usimjibu kwa mwaka peke yake. Soma kibao chenye namba ya modeli ya gari: ACA21 ni milango mitano, ACA20 ni mitatu. Mpe hiyo namba na umtajie upande, kulia au kushoto.

Jambo la pili ni rangi. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na vioo vyeusi upande wa nyuma, na weusi huo umo ndani ya kioo chenyewe, haujabandikwa. Ukiweka kioo cheupe halafu ukabandika tinti, ukisimama nyuma ya gari utaona tofauti mchana kweupe: mmoja unaelekea kijani, mwingine unaelekea kahawia. Nilitaka kioo cheusi cha kiwandani. Kwenye kona ya kioo cha kushoto, ambacho ni kizima, kuna chapa ndogo ya mtengenezaji na aina ya kioo. Niliipiga picha niwe nayo kila ninapoingia dukani.

Mwanjelwa nilipata cha kushoto tu. Muuzaji mmoja, dada mwenye subira sana, alinipigia simu watu wake wa Kariakoo mpaka akanipatia cha kulia kilichotolewa kwenye gari lililokatwa, cheusi, chenye lastiki yake ya pembeni. Hiyo lastiki ni ya kuulizia kabla hujatoa hela. Imeumbwa pamoja na kioo, haiuzwi peke yake, na wanaotoa vioo kwa haraka huikata kisu. Niliomba picha za kingo zote nne. Kioo kilipakiwa kwenye basi la Dar es Salaam kuja Mbeya, kimefungwa kwenye kipande cha godoro, safari ya zaidi ya kilomita 800 na kona za mlima Kitonga zikiwa humo humo, na kilifika salama.

Wakati nikisubiri nilikwenda kumwona fundi vioo mmoja mzee ambaye watu wengi wa magari ya shamba wanamtegemea. Nilimkuta anaweka kioo cha ubavuni cha Land Rover, na hapo nikasimama muda mrefu. Zile hazina gundi. Kioo kinavalishwa mpira wenye mifereji miwili, mmoja unashika kioo, mwingine unashika bati. Mzee alizungushia kamba ndani ya ule mfereji wa bati, akapaka maji ya sabuni, akaegesha kioo kutokea nje, kijana wake akakisukuma kwa viganja, naye akiwa ndani anavuta kamba polepole kuzunguka pande zote. Kila kamba ilipopita, mdomo wa mpira ulipanda juu ya bati na kujifunga wenyewe. Hakuna kusubiri kukauka. Gari linaondoka saa hiyo hiyo. Nimeona kazi nyingi za gereji, lakini chache zenye utulivu kama ule.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia alipomaliza, kisha nikamweleza shida yangu.

"Marahaba. Mwanangu, kioo utapata tu. Nenda kaangalie bati kwanza."

Ndaga fijo, yaani asante sana, mzee wangu. Ushauri huo ndio ulioibeba kazi yote.

Bati

Kioo cha kugandishwa hukaa kwenye ukingo mwembamba wa bati unaozunguka uwazi. Gundi ya kiwandani ni poliurethani, nyeusi, ngumu lakini inanesa kama soli ya kiatu kizuri. Nilipoanza kuichonga kwa kisu, juu na pembeni ilikuwa imara. Kona ya chini, upande wa nyuma, nikakuta kitu kingine: mstari wa silikoni nyeupe, ile ya mabafu, uliosukumwa kwenye mwanya na mtu aliyetaka kuzuia maji, miaka mingi kabla gari halijafika kwangu. Chini ya silikoni, bati lilikuwa jekundu kwa kutu.

Hapa naomba wasomaji wenye magari wanisikilize. Silikoni ya kawaida ile yenye harufu ya siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula bati lililo wazi. Kwa hiyo unaziba maji kwa nje huku unapanda kutu kwa ndani. Mbaya zaidi, poliurethani haishiki mahali palipopita silikoni. Utando wake hauonekani kwa macho, na ukiufuta kwa thina unausambaza tu. Huku kwetu ambako mvua zinaanza Novemba na huendelea mpaka Aprili au Mei, maji yakipata njia kwenye kona kama hiyo hayakauki. Yanateremka ndani ya bodi mpaka kwenye sakafu ya buti, na mwenye gari anakuja kushtuka siku zulia linaponuka. Watu wanabandika silikoni kwa nia njema, kwa sababu ni rahisi na iko kila duka la vifaa vya ujenzi. Tafadhali, isikaribie kioo cha gari.

Silikoni niliikwangua yote kwa wembe, kisha nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikivuka mpaka wa kutu na kuingia kwenye rangi nzima pande zote. Kwa bahati bati lilikuwa limeliwa juu juu, halikutoboka; lingetoboka ingekuwa kazi ya kuchomelea. Nikapaka praima ya epoksi, rangi ya chini inayokinga kutu, nikaiacha ikauke kabisa, kisha rangi nyembamba. Kazi hii ilinichukua muda kuliko kila kitu kingine katika mradi huu, na sijutii hata saa moja.

Ile gundi ya kiwandani iliyokuwa imara sikuitoa mpaka kwenye chuma. Niliikata kwa kisu kikali nikabakiza tabaka la milimita moja au mbili. Poliurethani mpya hushika vizuri sana juu ya ile ya zamani iliyokatwa upya na iliyo safi, na ukiiacha unakwepa kukwaruza rangi. Kioo cha mtumba nacho nilikipunguza hivyo hivyo.

Julai, gundi na baridi

Gundi ya vioo haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukuta. Inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, kuanzia nje kuingia ndani. Muda unaosomwa kwenye tyubu kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50. Julai ya Mbeya usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na hewa ni kavu. Fundi wa Dar es Salaam mwenye joto na unyevu wa bahari anaweza kukuambia "kesho endesha," naye anasema kweli kwa kwake. Huku gundi ile ile inakwenda taratibu, na ikitikiswa kwenye mashimo kabla haijaiva, kioo kinahama.

Kwa hiyo kazi niliipangia mchana. Asubuhi bati lilikuwa na umande, nikaliacha jua lilifikie. Tyubu ya gundi ilikuwa imelala ndani ya nyumba, jikoni, maana gundi ya baridi ni nzito, inakataa kutoka kwenye bunduki ya kuisukumia na mstari unatoka na mapengo. Nilifuta kioo na bati kwa spiriti, nikapaka praima nyeusi ya gundi kwenye ule ukanda mweusi unaozunguka kioo na kwenye sehemu niliyoipaka rangi mpya. Ukanda ule mweusi si pambo. Unaikinga gundi isipigwe na jua kutokea nje, kwa sababu miale ya jua huila poliurethani, na huku juu, mita 1,700 na zaidi, jua letu ni kali hata siku ya baridi.

Mdomo wa tyubu niliukata umbo la V ili gundi isimame kama pembetatu, juu kuliko upana wake. Pembetatu ikigandamizwa inatanuka sawasawa pande zote mbili bila kufungia hewa katikati. Nilizunguka uwazi wote bila kusimama, nikaunganisha mwisho na mwanzo upande wa juu, wala si chini ambako maji hutuama. Tulikuwa tumeshajaribisha kioo kikavu na kuweka alama za tepu ya karatasi, kwa hiyo mpwa wangu alikishika nami nikakiongoza kikaingia mara moja kwenye alama. Tukakigandamiza kwa viganja, tukakifunga kwa tepu kuvuka kwenda kwenye paa.

Kisha nikashusha kioo cha mlango mmoja kidogo na kuonya nyumba nzima wasibamize milango. Gari likiwa limezibwa lote, mlango ukifungwa kwa nguvu hewa ya ndani inatafuta pa kutokea, na kioo kibichi ndicho kinachosukumwa. Watu wengi huona uvujaji baadaye wakailaumu gundi.

Gari sikuliendesha hadi wiki iliyofuata. Mabaki ya gundi niliyoyaacha kwenye kipande cha bati kando ya gari ndiyo yaliyokuwa kipimo changu: niliyakata katikati kwa wembe, na mpaka ndani yalipokuwa makavu ndipo nikabandua tepu.

Maji

Jaribio lilikuwa la bomba la bustani, kuanzia chini kwenda juu, polepole, bila kupiga kwa nguvu. Ukianza juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mpwa wangu alikuwa ndani ya buti na karatasi za chooni kazizungusha ukingo wote, maana tone dogo huonekana kwenye karatasi kabla ya kuonekana kwenye bati. Hazikulowa. Plastiki za ndani zimerudi, mkanda unavutika na kurudi laini, na weusi wa kioo unafanana na wa kushoto.

Sasa ni zamu ya upande wa kushoto. Kioo ni kizima, lakini nimeona silikoni nyeupe ikichungulia kwenye kona ile ile ya chini. Nitakitoa kwa kukata gundi kwa waya wa kusuka, mmoja wetu akivuta kutoka ndani na mwingine nje, kabla ya mvua za Novemba. Praima ya epoksi iliyobaki inatosha ukingo mmoja.