Hisia ndogo ndogo: kumbukumbu ya mradi wangu, picha ya tatu na ya nne

Wiki mbili sijaandika chochote, na sababu ni picha ya tatu. Imekufa. Nitaeleza ilivyokufa, maana huenda kuna mwingine anayechanganya vifaa kiholela kama mimi.

Nikumbushe kwanza. Kazi yangu ni uigizaji, wa jukwaani zaidi. Nilianza kushika brashi kwa sababu baada ya onyesho usingizi huwa hauji. Mwili umechoka, kichwa bado kiko chini ya taa. Mradi wenyewe ni picha 10 za hisia ambazo hakuna anayezitungia tamthilia. Ile fedheha ya kumpungia mtu mkono, kumbe alikuwa akimsalimia aliye nyuma yako. Kusubiri simu huku ukijifanya husubiri. Kijicho kile chembamba kinachokuingia wakati mdomo wako unasema hongera. Zote nazifanyia kwenye vipande vya hadibodi (ubao mwembamba mgumu) vya sentimita 40 kwa 50, kwa akriliki (rangi ya maji inayokauka kama plastiki), mkaa, pasteli za mafuta (vijiti laini vya rangi), na karatasi ninazochana kutoka kwenye miswada ya michezo niliyowahi kucheza.

Picha ya tatu ilikuwa ya kusubiri simu. Nilianza na pasteli za mafuta, mistari mizito ya bluu inayozunguka bila kufika popote, nikaipenda mno. Kisha nikapitisha akriliki nyeupe juu yake ili mistari ionekane kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Siku ya kwanza ilipendeza. Siku ya tatu nikaibonyeza kwa kidole, rangi ikabambuka kama ngozi iliyoungua, kipande kizima kikabaki kidoleni. Kosa la kitoto: pasteli za mafuta hazikauki kabisa, na akriliki ni ya maji, haishiki juu ya mafuta. Kinyume chake kinakubali: akriliki chini, ikishakauka vizuri, ndipo mafuta juu. Nilikuwa nalijua hilo. Nimewahi hata kumwonya mtu. Lakini saa saba usiku mtu hujiona mjanja kuliko rangi.

Nimekwangua, nimepiga msasa, ubao umerudi kuwa ubao.

Nikahamia picha ya nne, ya kijicho. Majaribio mawili ya kwanza niliyatupa. Yote yalikuwa na uso: macho ya pembeni, mdomo uliopinda. Ni ugonjwa wa kazi. Jukwaani hisia lazima imfikie aliyekaa safu ya mwisho, kwa hiyo tumezoea kuikuza, nyusi juu, mabega chini. Ukiupeleka ukubwa huo kwenye ubao ambao mtu atausogelea hadi pua karibu iguse, ni sawa na kumpigia kelele sikioni. Kijicho changu kilitoka shetani wa katuni.

Najua kuna atakayeniambia Munch, mchoraji wa Norway, alitumia uso kwenye ile picha yake maarufu ya ukelele, ya mwaka 1893. Kweli. Lakini ufunike uso ule kwa kidole gumba, utaona anga bado linapiga kelele. (Na aliifanya kwenye kadibodi, akichanganya rangi ya mafuta, tempera (rangi ya kuchanganywa na yai) na pasteli. Hujikumbusha hilo kila ninapoionea haya hadibodi yangu.)

Kilichoninasua ni jambo la mazoezini. Stanislavski, yule mwongozaji wa Kirusi aliyefundisha uigizaji, mwanzoni alimtaka mwigizaji achimbe kumbukumbu za hisia zake. Miaka ya mwisho, kabla hajafariki 1938, aliweka uzito kwenye vitendo vya mwili. Usiifukuzie hasira. Tafuta anachokifanya mtu mwenye hasira, ukifanye, nayo itakuja yenyewe. Nikajiuliza: siku ile nilipompongeza mwenzangu kwa nafasi niliyoitaka mimi, mkono wangu ulikuwa ukifanya nini? Nikakumbuka. Ulikuwa mfukoni, unaviringa risiti hadi ikawa ngumu kama punje.

Basi nikaachana na uso, nikaanza kuminya. Nilichukua ukurasa wa mswada, nikaufinyanga ndani ya ngumi kwa dakika kadhaa, nikaukunjua, nikaubandika kwa gundi nyeupe bila kuulaza, mikunjo ikabaki imesimama. Ulipokauka nikapaka kijani kilichozimuliwa sana, kisha nikafuta kwa kitambaa: rangi ikabaki kwenye mifereji ya mikunjo tu, kama mishipa. Upande wa kulia nikamwaga manjano, uwanja mpana, safi, usio na doa. Hilo ndilo tabasamu.

Manjano hayo niliyapaka mara mbili. Akriliki ikikauka huingia giza kidogo, kwa kuwa kile kinachoshika rangi huwa cheupe kama maziwa kikiwa kibichi, kisha huwa kama kioo, hakina weupe tena. Nililala na tabasamu, nikaamka na haradali. Safari ya pili nilizidisha mwanga kuliko nilivyotaka, yakakaukia pale pale nilipoyahitaji.

Mwisho mkaa, mistari michache pale kijani kinapokutana na manjano. Kabla sijapuliza dawa ya kuugandisha nikaegemea ubao, kiganja kikapakaa chote kwenye kona ya chini. Nimekiacha hapo. Sikuweza kukichora vizuri kuliko hivyo.

Jumamosi mwenzangu huyo huyo alipita ili tusomeane mistari. Sikuwa nimeigeuza picha ukutani. Akasimama mbele yake kwa muda, mikono mgongoni.

"Huku kwenye manjano kumetulia," akasema. "Lakini huku kushoto, bwana, mbona kama mtu kaficha ngumi?"

Akanyoosha kidole kutaka kupapasa mikunjo. Nikamwambia asiguse, bado mbichi.

Ilikuwa imekauka tangu Alhamisi.