Tumbo la Tomi

Mbwa wangu Tomi ameota tumbo, lakini mgongo na mapaja yamekonda. Manyoya ya ubavuni yamepungua, na ngozi ya tumboni imekuwa nyembamba hadi mishipa ya damu inaonekana. Anahema hata akiwa amelala kivulini. Majirani wanasema ni minyoo. Si minyoo, ni prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili.

Alianza kuimeza pale kinga ya mwili wake ilipogeuka na kuvunja chembe nyekundu za damu yake mwenyewe. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Kwa ugonjwa huo dozi ya kuanzia huwa kubwa, takriban miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Bila vidonge hivyo ningekuwa nimeshamzika, kwa hiyo sitavisema vibaya.

Kinachoniuma ni lawama anazobebeshwa. Anamaliza ndoo ya maji, usiku anakojoa sebuleni, halafu anaitwa mchafu. Jana alinyakua chapati mkononi mwa mtoto, akaitwa mwizi. Mbwa huyu hakuwahi kuwa na tabia hiyo! Njaa ile na kiu ile ni za dawa. Kumfungia maji ni ukatili, tena ni hatari, kwa sababu mkojo unaendelea kutoka hata kama hajanywa. Sasa namtoa nje mara nyingi zaidi, hata usiku wa manane, na chakula chake nakipima.

Mama amemhurumia kuliko sisi sote. "Mwanangu, dawa hizi zitamuua, hebu ziache."

"Mama, tukizikata ghafla ndipo atakufa."

Nilimweleza kuhusu tezi mbili ndogo zilizo karibu na figo, zinazotengeneza kotisoli, yaani steroidi ya mwili wenyewe. Mwili ukizoea kuletewa steroidi kutoka nje, tezi hizo hulala. Ukikata dawa siku moja, mbwa anabaki hana steroidi za nje wala zake: anatapika, analegea, anaweza kuzimia na kufa. Ndiyo maana daktari hushusha dozi hatua kwa hatua, tezi zipate muda wa kuamka. Mama alinyamaza, kisha akauliza kama basi anaweza kumpa walau diklofenaki ya miguu. Hapana kabisa. Dawa za maumivu za aina hiyo zikikutana na steroidi huchubua tumbo hadi vidonda vya kuvuja damu, na kinyesi hutoka cheusi.

Mambo haya mwenye mbwa anastahili kuambiwa siku ya kwanza, pamoja na pakiti ya vidonge, na kila mtu wa nyumbani asikie.

Jumatatu nampeleka kupimwa. Damu itaonyesha kama dozi inaweza kushuka tena, na sukari nayo itaangaliwa. Nimeomba mkojo uoteshwe maabara ingawa haonyeshi maumivu yoyote akikojoa, kwa sababu steroidi huficha dalili, na bakteria wanaweza kukaa kibofuni kimya kimya.