Kipimo cha kalsiamu kilichobadili tiba ya soriasisi yangu

Kwa miaka mingi soriasisi yangu, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, ilikaa kwenye viwiko na magoti tu. Baada ya upasuaji wa kuondoa rovu, yaani tezi ya thairoidi ya shingoni iliyovimba, mabaka yalienea hadi mgongoni na mapajani, kisha vikazuka vipele vya usaha. Wakati huohuo midomo na ncha za vidole zilikufa ganzi, na usiku misuli ya miguu ilikaza. Namshukuru sana daktari wa ngozi ambaye, kabla ya kuandika dawa yoyote ya kupaka, aliuliza habari za ganzi hiyo na kuagiza damu ipimwe kalsiamu na homoni ya parathiroidi. Vyote viwili vilikuwa chini.

Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna tezi nne ndogo, ziitwazo parathiroidi, ambazo upasuaji huweza kuzidhoofisha hata ukifanywa kwa uangalifu. Homoni ya tezi hizo hutoa kalsiamu mifupani, huizuia isipotelee kwenye mkojo, na huzichochea figo kuigeuza vitamini D iwe kalsitrioli, yaani vitamini D iliyo tayari kufanya kazi mwilini. Chembe za ngozi nazo huhitaji kalsiamu na kalsitrioli ili zikomae kwa utaratibu badala ya kuzaliana kwa kasi. Kwa hiyo kalsiamu ikishuka sana, baadhi ya wenye soriasisi hupata ile ya usaha, ambayo ni ya hatari.

Vitamini D ya kawaida isingenitosha, kwa kuwa figo zangu zilikosa homoni ya kuzichochea. Nilipewa alfakalsidoli, aina ya vitamini D isiyohitaji kugeuzwa na figo, na vidonge vya kalsiamu, ambavyo navimeza pamoja na chakula baada ya kupita muda wa saa nne tangu nimeze levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya thairoidi, maana kalsiamu huizuia isifyonzwe vizuri. Alfakalsidoli ndiyo dawa ambayo mwaka 1985 madaktari wa Osaka, Japani, waliripoti kuwa walimpa mgonjwa wa mifupa na soriasisi yake ikatoweka.

Ganzi iliondoka kwanza, usaha ukakauka, na mabaka yakafifia polepole. Yaliyobaki nayapaka kalsipotrioli, dawa ya jamii ya vitamini D, ambayo kwa mtu mzima haipaswi kuzidi gramu 100 kwa wiki. Mimi hutumia kidogo zaidi, kwani nayo huweza kupandisha kalsiamu, wala siichanganyi na asidi salisiliki, dawa ya kuondoa magamba, ambayo huiharibu. Kalsiamu yangu tunaiweka sehemu ya chini ya kiwango cha kawaida, kwa sababu bila homoni ya parathiroidi, kalsiamu ya ziada huingia kwenye mkojo na kuleta mawe ya figo. Nikipata kiu isiyokwisha au kichefuchefu, dalili za kalsiamu kuzidi, naenda kupima bila kungoja tarehe ya kliniki.